Mende Hana Hatia

Anayetaka kuwagombeza wenzake sharti aanze kujigombeza mwenyewe. Basi naanza na mimi. Mimi nimeua riwaya. Siyo yangu, maana yangu bado iko sura ya tatu na kila siku inaomba nauli ya kufika ya nne. Niliyoiua ni ya mjomba wangu, na silaha yenyewe ilikuwa kopo la dawa ya mende, lile la kupuliza, la duka la pale pale mtaani.

Mjomba alikuwa karani. Ofisi yao ilipobadilisha mashine ilimuuzia kompyuta moja kwa bei ya kutupa: 486, zile za sanduku la rangi ya maziwa lililolala chini ya skrini nzito kama kinu. Kila usiku baada ya kula alikuwa anaiwasha, skrini inakuwa ya buluu, WordPerfect inafunguka, naye anaandika. Sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi kuvuka kizingiti. Tulikuwa tunasikia tu kibodi inagonga kama mvua ya mawe kwenye bati. Watu wazima walisema anaandika barua za kazi. Kumbe mzee alikuwa anaandika riwaya.

Alifariki mwaka 2016. Mashine ikatiwa kwenye boksi la makaratasi, ikasukumwa stoo, jirani na gunia la mkaa na debe la mahindi. Ilikaa humo miaka sita. Mwaka 2022, nilipokwisha kuamua kwamba mimi ni mwandishi wapende wasipende, nilimwendea mkazamjomba nikamwambia, "Mama, naomba ile kompyuta ya mzee." Akasema, "Chukua baba, lakini ina wadudu."

Ina wadudu! Nilipoinua mfuniko wa boksi mende walitawanyika kama watu sokoni waliosikia mgambo wanakuja. Nikaona hapa ni vita. Nikanunua kopo, nikapuliza nusu nzima kupitia matundu ya nyuma na kwenye mdomo wa disketi. Nikasubiri nusu saa, nikachomeka waya, nikabonyeza swichi. Feni ililia mara moja. Kisha ukaja mlio kama karanga kikaangoni, halafu moshi, halafu kimya.

Fundi aliifungua mbele yangu. Ndani ya pawa saplai mende walikuwa wamekimbilia wote kwa pamoja kuikwepa dawa, wakafia humo, na dawa yenyewe imelowesha saketi. "Imepiga shoti, dogo," akasema. "Na imeondoka na bodi ya diski." Kwenye kopo la biskuti tulikuta disketi kumi na tisa. Zilizosomeka ni saba. Tukapata sura ya kwanza hadi ya tisa. Zilizobaki zilikuwa kwenye diski ya ndani peke yake.

Sasa mnajua kwa nini naandika kwa hasira.

Hasira yenyewe ilipata mwenzake niliposoma toleo lililopita. Mwenzetu mmoja aliandika kwenye kurasa hizi hizi kwamba vijana tunaong'ang'ania kompyuta za zamani ni wagonjwa wa mitumba, kwamba yale masanduku ni mabanda ya mende, na kwamba dawa yake ni moja tu: dampo. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka aya ya kwanza. Lakini nikajiuliza: banda hilo la mende nani alilijenga? Mende hana tofali wala hana saruji. Aliyeiweka mashine stoo kwenye boksi la makaratasi karibu na debe la mahindi ni mimi, ni wewe, ni mama zetu. Mende alikaribishwa. Mende hana hatia.

ETI NI TAKATAKA

Tuanze na neno hilo, takataka. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile ilikuja kulegezwa baadaye, lakini matokeo yake ni kwamba Tanzania haikupata mafuriko ya kompyuta za majumbani kama walivyopata wenzetu wa Ulaya miaka ya themanini. Kule Uingereza, ZX Spectrum iliyotoka mwaka 1982 ilikuwa inachezewa na watoto vyumbani. Hapa kwetu, mtu aliyekuwa na kompyuta nyumbani miaka ya tisini alikuwa wa kuhesabika, na mara nyingi aliipata kwa mlango wa nyuma wa ofisi, kama mjomba. Mashine chache maana yake kila moja ina uzito wake. Ukiitupa moja, hujui umetupa nini.

Fanyeni hesabu. Ukurasa mmoja wa riwaya, kwa makisio, una herufi elfu mbili. Kurasa mia mbili ni herufi laki nne. Disketi moja ndogo ya inchi 3½, ile ya megabaiti 1.44, inameza riwaya tatu za namna hiyo na kubakiza nafasi. Riwaya tatu, bwana, kwenye kitu kinachoingia mfuko wa shati! Halafu tunazikuta disketi hizo kwenye stoo, ukungu mweupe umeota juu ya ule utando wa sumaku. Tunasema, "Aa, hizi za zamani." Tunazifagia pamoja na kinyesi cha panya.

Na msiniambie kwamba kilichomo kitasomwa na mashine mpya. Disketi ya inchi 5¼ huwezi kuisoma kwa kompyuta yako ya kisasa wala kwa simu yako, hata uipigie magoti. Unahitaji mdomo wake, waya wake, na mashine inayoielewa. Ndiyo maana ganda la mashine ya zamani ni muhimu kama kilichomo. Ni sawa na kufuli na ufunguo: ukiula ufunguo, kufuli limebaki la nini?

Sikatai kwamba masanduku mengine ni matupu. Yako ambayo ndani mna hesabu za mishahara ya ofisi iliyokwisha kufa na mchezo wa karata. Lakini utajuaje kabla hujafungua?

ETI NI MAMBO YA WAZUNGU

Hili la pili ndilo linalonichefua zaidi. Ukisema hifadhi, unaambiwa unaiga wazungu. Haya, tuwatazame hao wazungu kwanza.

Tarehe 9 Septemba 1947, kwenye Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, wahudumu wa kompyuta iliyoitwa Mark II walikuwa wanatafuta kasoro. Mashine ile haikuwa na chipu. Ilikuwa na rilei, yaani vijiswichi vinavyojifunga na kujifungua kwa sumaku. Katikati ya rilei moja wakamkuta nondo amebanwa. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi, na chini yake wakaandika kwamba hiyo ni mara ya kwanza kupatikana mdudu halisi. Ulikuwa ni utani, maana mafundi wa huko walishazoea siku nyingi kuiita kasoro ya mashine kuwa ni "mdudu". Grace Hopper, mmoja wa magwiji wa mwanzo wa kompyuta, alikuwa anapenda kuisimulia habari hiyo. Daftari lile leo liko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, na nondo bado yumo.

Hebu tulieni mfikiri hapo. Wenzetu wamehifadhi hata mdudu. Sisi mashine nzima tumemwachia mdudu ndiye aihifadhi.

Na nani kasema ni mambo ya wazungu? Waandishi wa Kiarabu wa zamani waliokuwa wananakili vitabu kwa mkono walikuwa na desturi ya kuandika kwenye ukurasa wa mwanzo au wa mwisho maneno "Ya Kabikaj". Wengi waliamini kwamba Kabikaj ni mfalme wa mende, kwa hiyo anaombwa awazuie raia wake wasile kitabu. Unaweza kucheka. Lakini mtu yule alimjua adui yake, na alijua kwamba kazi ya mwandishi haiishi anapoweka nukta ya mwisho. Kuna kuandika, na kuna kulinda kilichoandikwa. Wewe na mimi tunaotumia umeme tumesahau nusu ya pili ya kazi. Hata Kabikaj hatumwandiki.

WANATAFUTA NINI HUMO

Watu wanadhani wadudu wanakula kompyuta. Wangekuwa wanakula kompyuta tungeshakwisha. Wanatafuta kile kile tunachotafuta sisi tunaopanga vyumba: joto, giza, chakula cha karibu na mwenye nyumba asiyesumbua.

Mende ana mwili bapa na anapenda mahali panapombana tumboni na mgongoni. Kompyuta inayowashwa ina joto. Isiyowashwa ina giza. Zote mbili zina nyufa. Chakula chake ni gundi, mafuta ya vidole vyetu, makombo ya maandazi kwenye kibodi, karatasi. Yule mende mdogo wa kahawia wa jikoni, jike lake hubeba kifuko kimoja chenye mayai thelathini hadi arobaini. Kifuko hicho kina ganda gumu ambalo dawa ya kupuliza hailipenyi vizuri. Kwa hiyo unaua mama leo, wiki chache baadaye watoto wanatoka kuja msibani. Kinyesi chake kikikutana na unyevu wa hewa yetu ya pwani kinaunguza njia za shaba kwenye bodi taratibu, na maganda yake anayoyavua yanakaba feni.

Sisimizi naye ana mkasa wake. Huko Texas, Marekani, kuna sisimizi wageni waliotokea Amerika ya Kusini, waligunduliwa huko mwaka 2002, na wamekuwa maarufu kwa kuharibu vifaa vya umeme. Mmoja akipigwa na umeme anatoa kemikali ya kuita wenzake vitani. Wenzake wanakuja, nao wanapigwa, nao wanaita. Mwisho swichi inajaa maiti mpaka inaacha kufanya kazi. Wa kwetu ni wa jamii nyingine, lakini aliyewahi kufungua swichi ya ukutani akakuta wamejazana humo hatashangaa.

Panya meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, hivyo lazima atafune, na waya wa plastiki ni laini. Mkojo wake kwenye bodi ni mbaya kuliko meno yake. Mjusi kafiri anafuata wadudu. Akiingia pawa saplai anafanya kazi ya fyuzi, mara moja tu. Nyigu wa udongo anaziba tundu lolote analolikuta wazi. Na mchwa, ambaye chuma hakimhusu, anakuja kwa ajili ya lile boksi la makaratasi na kitabu cha maelekezo, akileta udongo wenye majimaji mpaka mlangoni kwa mashine.

Mnaona basi? Kila mmoja amekuja kwa sababu. Ukiiondoa sababu, umemwondoa na yeye.

DAWA SIYO DAWA

Hapa ndipo ugomvi wangu mkubwa ulipo, kwani ugonjwa wetu siyo mende. Ugonjwa wetu ni kupuliza. Sisi ni taifa la kupuliza. Chumba kinanuka, tunapuliza. Jikoni pachafu, tunapuliza. Tunalala na mlango umefungwa, asubuhi tunafagia maiti, tunasema tumeshinda. Makombo yako pale pale, unyevu uko pale pale, boksi liko pale pale. Baada ya mwezi tunapeleka pesa nyingine dukani.

Dawa nyingi za kopo hubebwa na mafuta ya jamii ya petroli. Mafuta hayo yanaweza kupasua plastiki iliyozeeka, na yanaacha utelezi unaonasa vumbi. Yakiwa bado mabichi karibu na cheche ya umeme ni moto unaosubiri kualikwa. Zaidi ya hayo yanawafukuza wadudu kuelekea ndani, kwenye kona ya mbali kabisa, ambayo kwa kawaida ndiyo pawa saplai. Muulizeni mpwa wa mjomba.

Wapo wanaoweka vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kabatini. Mvuke wake unalainisha baadhi ya plastiki. Wapo wanaopaka mafuta ya taa. Sina la kuwaambia zaidi ya kuwaombea. Na wapo wanaoanika juani, kama godoro lenye kunguni. Jua la saa saba linapinda disketi na kuigeuza plastiki nyeupe kuwa ya njano kama meno ya mvuta sigara. Godoro ni godoro, kompyuta ni kompyuta.

KAZI YENYEWE

Nitawapa nilichojifunza baada ya msiba. Hakuna kinachohitaji mfadhili, semina wala kamati.

Kwanza, ondoa boksi la makaratasi. Leo. Tia mashine kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, lakini kwanza iwe kavu kabisa; ukiifungia na unyevu wake umeitengenezea bafu. Vile vifuko vidogo vya chengachenga vinavyokuja na viatu vipya, ambavyo tunavitupa, ndivyo vya kutia humo, maana vinanyonya unyevu. Vibadilishe vikishachoka.

Pili, usiweke chini wala usiegemeze ukutani. Meza iliyo mbali na ukuta kwa kiganja kimoja tayari ni ngome. Bibi zetu walikuwa wanasimamisha miguu ya kabati la chakula kwenye makopo ya maji ili sisimizi wasipande. Fanya vivyo hivyo, ila tia tone la mafuta au sabuni kwenye maji, la sivyo utakuwa umefukuza sisimizi na kufuga mbu.

Tatu, ziba. Nyuma ya zile kompyuta mna vibati vinavyoziba nafasi za kadi. Mafundi wengi huvitoa na kuvipoteza. Kibati kimoja kikikosekana hiyo ni barabara kuu. Rudisha. Kwenye matundu mengine bandika wavu wa dirishani, ila ufanye hivyo mashine ikiwa imehifadhiwa. Ikiwashwa lazima ipumue. Tundu la panya ukutani lizibe kwa waya wa kusugulia masufuria, lakini waya huo usithubutu kuukaribisha kwenye mashine: kijinywele chake kimoja kikidondoka kwenye bodi ni shoti.

Nne, fungua na usafishe. Chomoa umeme, subiri, gusa bati la sanduku ili umeme wa mwilini mwako utoke. Tumia brashi laini ya rangi, mpya. Toa maganda, vifuko vya mayai, utando. Madoa ya kinyesi yafute kwa pamba na spiriti safi ya isopropili, siyo ile ya rangi ya kuwashia jiko. Lakini pawa saplai na skrini za kioo kikubwa usifungue kama huna ujuzi. Skrini hizo hubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa, na sitaki kusoma tanzia yako kwenye jarida hili. Ukiwa humo ndani tazama pia betri ya saa ya mashine: kwenye bodi nyingi za 386 na 486 ni kijipipa kilichochomelewa, na kikizeeka kinavuja na kula bodi. Huyo ni mdudu asiye na miguu. Mwambie fundi amtoe.

Tano, chambo kiwe nje. Unga wa asidi ya boriki ukichanganywa na sukari na unga wa ngano, uwekwe chini ya meza na nyuma ya kabati, mbali na watoto na kuku. Mende anakula, anaondoka, anakwenda kufia kwao. Kazi hiyo haina kelele wala harufu, na pengine ndiyo maana hatuipendi. Tandika na karatasi yenye gundi karibu na mashine. Itakuambia nani anapita usiku, nawe utajua unapigana na nani. Makumbusho makubwa yanafanya hivyo hivyo: wanategea, wanahesabu, wanasafisha, na dawa inakuja mwisho kabisa.

Sita, usile hapo. Najua waandishi wengi tunaamini kwamba bila chai na chapati fasihi haitoki. Itoke jikoni basi.

Saba, na hili lingepaswa kuwa la kwanza: nakili. Siku mashine itakapowaka, kabla hujacheza mchezo, kabla hujapiga picha ya kujionyesha, nakili kila kilichomo uweke mahali pawili tofauti. Chapisha na kwenye karatasi. Halafu hiyo karatasi nayo uilinde, kwa sababu wadudu hawabagui.

NA WEWE WA SIMU

Naisikia sauti ya mshikaji nyuma pale: "Mimi naandika kwenye simu, kila kitu kiko mtandaoni, mende wako hawanihusu." Sawa, kaka. Na neno la siri unalikumbuka? Namba uliyofungulia akaunti bado ni yako? Mwaka gani wa mwisho ulijaribu kuirudisha kazi yako kutoka huko ikarudi? Mimi nawajua vijana wawili waliopoteza mashairi yao yote pamoja na simu kwenye daladala moja ya asubuhi, na hakuna mende aliyehusika. Mjomba naye alikuwa anaamini diski yake, maana wakati wake ndiyo ilikuwa kitu kipya. Kila kizazi kinaamini chombo chake hakiliki.

Halafu usidhani nakutaka uishi na 486. Nami naandika kwenye simu, tena yenye kioo kilichopasuka. Ninachosema ni hiki: mtu asiyeweza kulinda sanduku la mjomba wake kwa brashi na kopo la maji hataweza kulinda chochote. Tunalalamika kwamba wachapishaji hawatutaki, kwamba maktaba hazina vitabu vyetu, kwamba serikali haijali waandishi. Yote kweli. Lakini mchapishaji hakuiweka mashine karibu na debe la mahindi. Serikali haikushika lile kopo. Lilikuwa mkononi mwangu.

Mwenzetu wa toleo lililopita ameshauri dampo. Mimi nashauri hivi: Jumamosi hii, kabla ya kijiwe, kabla ya mpira, ingia stoo ya kwenu. Muulize baba, muulize mama mdogo, muulize yule mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili anayesifika kwamba "alikuwa anaandika andika". Toa boksi moja tu. Lifungue nje, kwenye mwanga, bila kopo lolote mkononi. Mende watakimbia, waache wakimbie. Tazama waliokuwa wamekalia nini.

Mimi ile diski ninayo bado. Imo kwenye kopo la plastiki, na vifuko vitatu vya viatu, juu ya meza yenye miguu ndani ya maji. Fundi anasema nikipata diski nyingine ya aina ile ile, toleo lile lile, anaweza kujaribu kuhamisha bodi, kwa sababu sahani za ndani huenda ni nzima. Nimetafuta kwa mafundi wa Kariakoo, nimetafuta kwenye vyuma chakavu, na kila ninakofika naambiwa, "Zilikuwepo nyingi sana, tukazitupa, zilijaa mende."

Sura ya tisa inaishia kwa mwanamke anayeitwa Tatu, amesimama usiku mbele ya mlango wa nyumba aliyofukuzwa, ameshika komeo. Kama hapo ulipo una diski ya namna hiyo, niandikie kupitia kwa mhariri. Nataka kujua kama alifungua.